Udzungwa: Msitu Usio na Jirani (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilihusu ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili yapumzike. Tuliona jinsi Shinyanga ilivyovuliwa miti: serikali ya kikoloni ilifyeka mapori ili kuangamiza mbung'o, halafu zikafuata pamba na mkaa. Tukaona pia jinsi mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulivyorudi kwenye desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti yake haikupandwa na mtu. Mgunga ulikatwa, kisiki kikabaki hai, ng'ombe wakazuiwa, mvua ikanyesha, kikachipua.

Msomaji wa Kahama ameuliza: ikiwa sisi tumeweza, kelele zote za kulinda misitu ya milimani ni za nini? Si nayo ikikatwa itaota? Swali ni la haki, na jibu lake nimelikuta katika milima ya Udzungwa.

Kutoka Shinyanga unapanda basi la Dar es Salaam, unapita Singida na Dodoma, unashuka Morogoro na kuunga gari la Ifakara. Mikumi mjini gari linakata kusini, linavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, kisha miwa inatanda kushoto na milima inasimama kulia hadi Mang'ula, makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na haina barabara ndani. Aliyezoea kutazama simba akiwa garini, huku atatembea kwa miguu nyuma ya mwongozaji.

Njia ya maporomoko ya Sanje ndiyo inayofaa mgeni. Mwanzoni jasho linakutoka, kisha jua linapotea. Mizizi ya baadhi ya miti imesimama kama kuta, mirefu kuliko mtu, na kila jiwe limevaa ukoga wa kijani. Juu, maji yanaanguka mita 170 kwa ngazi tatu, na ukigeuka unaona bonde lote la Kilombero.

Unyevu huo unatoka Bahari ya Hindi. Upepo wa baharini ukigonga milima unapanda, unapoa, unaacha mvua. Miteremko ya mashariki hupata hata milimita 2,000 kwa mwaka, sisi Shinyanga tukipata kama 600 hadi 800. Lakini ukubwa wa mvua si kitu kikuu; kikuu ni kwamba haijakatika. Mara nyingi katika historia ya dunia bara la Afrika lilikauka, na misitu iliyoliunganisha ikafa. Bahari haikubadilika sana, kwa hiyo milima hii, pamoja na mnyororo mzima unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia hapa Udzungwa, iliendelea kunyeshewa. Msitu ukabaki kama visiwa. Wataalamu wanakadiria umri wake kuwa miaka milioni 30 hivi.

Mwaka 1991 watafiti waliopiga kambi huku waliona kwenye sufuria ya mboga miguu ya ndege wasiyemfahamu. Alikuwa kwale wa msituni, na walipomchunguza wakakuta kwamba ndugu zake wa karibu wako Asia, si Afrika. Ukoo wake umebaki hapa tangu enzi ambazo misitu ya mabara hayo mawili iligusana. Mwaka 1979 Katherine Homewood na Alan Rodgers walisikia mlio wa nyani mgeni kwa sayansi. Mwenyeji aliyekuwa nao hakushangaa. Alimjua mnyama huyo kwa jina la ngolaga. Ukibahatika utamwona chini, akipekua majani makavu kutafuta mbegu na wadudu, bila haraka.

Sasa nimjibu msomaji. Ngitili zilipofungwa, ndege na wanyama walirudi kwa sababu walikuwapo kwingine: mapori ya miyombo na migunga yanaenea nchi nyingi. Ngolaga yuko katika misitu miwili tu duniani, Mwanihana ulio ndani ya hifadhi na Uzungwa Scarp ulio nje. Akitoweka huko, hakuna pa kumtoa. Miti pia: mingi ya msitu wa mvua ina mbegu zisizovumilia kukauka, huhitaji kivuli tangu siku ya kwanza, na hutegemea wanyama wa kuzisambaza. Ondoa kivuli na wanyama, na hata mvua ikinyesha kama zamani, kitakachoota ni kitu kingine.

Kuulinda msitu huu kuna gharama, na wanaoibeba ni wanavijiji wa Kilombero. Zamani waliruhusiwa kuokota kuni zilizokauka hifadhini siku moja kwa wiki. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Naunga mkono kulindwa kwa msitu, lakini mama anayepika kila siku hawezi kuambiwa asubiri mti uliopandwa jana. Shinyanga tulipofunga ngitili, mwenye ngitili alibaki na kuni na majani yake.

Anayetaka kwenda achague Juni hadi Oktoba, njia zikiwa kavu, na avae viatu vyenye meno. Wiki ijayo tutashuka korongo la Kihansi, upande wa kusini wa milima hii hii, ambako bwawa la umeme lilimfanya chura mdogo kuliko kidole gumba asafirishwe hadi Marekani ili asiishe.