Kilio cha Getini

Januari, kaskazi ikivuma, madarasa ya chekechea ya Kinondo, pwani ya Kenya, hupokea watoto wa miaka minne ambao hawajawahi kukaa asubuhi nzima bila mtu wa kwao. Wazazi wengine huwa wameshaondoka alfajiri kuwahi zamu katika hoteli za Diani, kwa hiyo anayemleta mtoto ni nyanya au dada mkubwa. Wakifika getini, mtoto hung'ang'ania leso, hujitupa mchangani, hulia mpaka akatapika. Wanaotazama husema kadekezwa. Wanamwonea.

Ushahidi wa mapema kuhusu kilio hiki ulikusanywa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 za Waganda vijijini karibu na Kampala, akawatazama watoto wao wadogo 28. Aliona mtoto akitambaa kwenda kuchezea vitu, akigeuka kumtazama mama, kisha akiendelea. Mama akitoka, mara nyingi mchezo ulikoma na kilio kikaanza. Kitabu chake cha mwaka 1967 kiliyapa nguvu mawazo ya daktari Mwingereza John Bowlby, kwamba mtoto huzaliwa na silika ya kumlilia mlezi wake, kwa sababu kiumbe mdogo akiachwa peke yake yumo hatarini.

Hatari hiyo mwili huichukua kuwa ya kweli. Amigdala, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, huamsha mwili mzima. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, moyo ukaenda mbio. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kujizuia, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20. Ukimfokea mtoto, "Nyamaza! Mbona wenzako hawalii?", unamdai asichoweza kukitoa wakati huo. Kiboko, kilichopigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001, humthibitishia tu kwamba mahali hapa ni pa kuogopwa.

Usiku uliotangulia nao una neno. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku. Kukiwa na harusi jirani, au mtoto akiamka na wakubwa kula daku, saa hizo hazipatikani. Mwalimu na aulize kwanza: alilala saa ngapi, amekunywa chai?

Linaloniuma zaidi ni kumtoroka mtoto. Anaonyeshwa picha ukutani, akigeuka nyanya hayupo. Mkubwa huona ameepusha kilio, lakini mtoto amejifunza kwamba akipepesa macho tu watu wake hutoweka, na kesho ataanza kung'ang'ania tangu nyumbani. Mwage waziwazi, kwa maneno machache yaleyale kila siku. Saa ya ukutani haijui, basi mwambie, "Mkimaliza kunywa uji nitakuja," na uje kweli. Ukishaaga, ondoka; kurudi kuchungulia dirishani humwanzishia kilio upya.

Ndani, mwalimu achutame awe sawa na macho ya mtoto, aseme taratibu, kwa Chidigo ikiwa ndiyo lugha ya kwao, kwamba anajua anamtaka nyanya. Kipande cha leso ya mama kikimtuliza, aachiwe. Na ampokee mwalimu yuleyule kila asubuhi, hata kama darasa limejaa.

Yupo pia mtoto asiyelia, anayeketi pembeni akasahaulika kwa sababu hasumbui. Mwaka 1993, Gottfried Spangler na Klaus Grossmann, watafiti wa Ujerumani, walipima mapigo ya moyo ya watoto wa mwaka mmoja walioachwa na mama zao kwa dakika chache. Moyo wa wale walioonekana hawajali nao ulienda mbio. Mtoto huyo wa pembeni, mwalimu amfuate alipo, hasa ikiwa wiki zinapita hali, hachezi wala hasemi.