Unaokoa nini ukiongoza 30-3? Vituko vya hesabu za besiboli

AGOSTI 22, 2007, jijini Baltimore, Marekani, Texas Rangers waliwacharaza wenyeji wao Baltimore Orioles 30-3. Ndiyo, umesoma vizuri: thelathini kwa tatu. Hakuna timu ya Ligi Kuu ya Besiboli (MLB) iliyokuwa imepata pointi nyingi hivyo katika mechi moja tangu mwaka 1897.

Lakini si hilo lililowavunja mbavu wasee wa takwimu. Kichekesho kilikuwa chini ya ukurasa wa matokeo, kando ya jina la mrushaji mpira Wes Littleton. Hapo paliandikwa kwamba ameokoa mechi.

Ameiokoa? Kutoka kwa nani?

Tukitumia lugha ya kandanda, ni kama mchezaji wa akiba aingie dakika ya 70 timu yake ikiongoza 8-0, kisha kipenga cha mwisho kikilia aandikwe vitabuni kuwa ndiye aliyenusuru ushindi. Ungedhani ni utani. Na bado Littleton hakupendelewa na mtu. Kwa mujibu wa sheria, alistahili.

Ili kuelewa sababu, inabidi tuingie katika kona yenye vituko vingi zaidi vya mchezo huu: hesabu za warushaji wa akiba. Nyingi zinachekesha. Lakini kuna siku hesabu hizi zilichangia timu nzima kufungasha virago.

Twende polepole

Mechi ya kawaida ya besiboli ina awamu tisa. Katika kila awamu, kila timu hupata zamu moja ya kupiga, na zamu hiyo huisha wapigaji watatu wakishatolewa. Mpigaji akifika kituo cha kwanza salama, hubaki hapo akisubiri wenzake wapige ili asonge mbele. Akikamilisha mzunguko wa vituo vinne, timu yake inapata pointi moja.

Kazi ya kumzuia ni ya mrushaji. Kurusha mpira kwa kasi inayoweza kupita kilomita 150 kwa saa, tena na tena, si mchezo. Bega huchoka, kiwiko hulalamika. Ndiyo maana kila timu huwa na mrushaji wa kuanza na kundi la warushaji wa akiba wanaosubiri kuitwa. Akishabadilishwa na kutolewa uwanjani, mtu harudi tena siku hiyo.

Na usidhani haya yako mbali sana na sisi. Mwaka 2012, vijana wa Lugazi kutoka Uganda walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika kipute cha dunia cha Little League kule Marekani. Mwaka 2022, Los Angeles Dodgers walisajili chipukizi wawili kutoka nchi hiyo hiyo jirani. Besiboli pia inarejea katika Olimpiki za Los Angeles 2028. Kwa hivyo ni vyema uanze kuzoea.

Ushindi wa mtu mmoja

Katika kandanda, ushindi ni wa timu. Katika besiboli, kila ushindi huandikiwa mrushaji mmoja, na kila kichapo pia kina mwenyewe. Vituko huanzia hapo.

Mrushaji wa kuanza lazima amalize angalau awamu tano ndipo aandikiwe ushindi. Akitoka katikati ya awamu ya tano timu yake ikiongoza 10-0, hapati kitu. Ushindi humwendea mmoja wa warushaji wa akiba, yule ambaye karani rasmi wa alama ataamua kuwa ndiye aliyefanya kazi bora zaidi.

Mwanzilishi akishatimiza awamu zake na kuondoka timu ikiongoza, ushindi bado unaweza kumponyoka. Chukulia amerusha awamu nane safi na kuacha timu ikiongoza 1-0. Anaingia mwenzake awamu ya tisa, anafungwa pointi moja, mambo yanakuwa 1-1. Kisha timu yao inarudi kupiga na kupata pointi ya ushindi. Ushindi ni wa nani? Ni wa huyo aliyeharibu! Sheria humtazama mrushaji aliyekuwa kazini timu yake ilipochukua uongozi ambao haukupotea tena. Aliyetoa jasho awamu nane anabaki kupiga makofi.

Karani ana ruhusa kidogo ya kurekebisha dhuluma hii. Akiona mrushaji wa akiba alikaa muda mfupi na akaboronga, anaweza kumnyima ushindi na kumpa mwingine wa akiba aliyefuata. Lakini mwanzilishi hawezi kurudishiwa chake.

Kituko cha Alan Embree nacho hakina mfano. Julai 7, 2009, Colorado Rockies walikuwa sare 4-4 na Washington Nationals katika awamu ya nane. Embree aliingia wapinzani wakiwa tayari wametolewa wawili, huku mmoja wao akiwa kituo cha kwanza. Kabla ya kumrushia mpigaji hata mpira mmoja, aligeuka na kurusha kule kituo cha kwanza. Mkimbiaji akanaswa, zamu ikaisha. Rockies wakapata pointi zamu yao ilipofika, na mechi ikaisha 5-4. Mshindi rasmi: Embree, bila kumrushia mpigaji yeyote. Na hakuwa wa kwanza. B.J. Ryan wa Orioles alikuwa amefanya vivyo hivyo mwaka 2003.

Mwanahabari aliyechoka na hesabu

Tumrudie Littleton na sevu yake. Ndiyo, hiyo takwimu ya kuokoa mechi tuiite sevu.

Mwaka 1959, mrushaji wa akiba wa Pittsburgh Pirates, Roy Face, alimaliza msimu akiwa na ushindi 18 na kichapo kimoja tu. Rekodi ya kutisha. Lakini mwanahabari wa michezo jijini Chicago, Jerome Holtzman, hakuridhika. Kwa maoni yake, baadhi ya ushindi huo ulikuwa wa aina tuliyoitaja: Face anaingia timu ikiongoza, anaruhusu wapinzani kusawazisha, kisha wenzake wanamfuta machozi kwa kufunga tena. Wakati huo huo, wale waliolinda uongozi kimyakimya hawakuwa na safu yoyote ya kuandikiwa.

Holtzman akabuni kipimo chake. Mwaka 1969, MLB ikakifanya rasmi. Masharti ya leo ni haya: uwe mrushaji wa mwisho wa timu iliyoshinda, usiwe wewe uliyeandikiwa ushindi, kisha utimize moja kati ya mambo matatu. La kwanza, uingie timu ikiongoza kwa pointi zisizozidi tatu na urushe angalau awamu moja. La pili, uingie hatari ikiwa mlangoni, yaani anayeweza kusawazisha awe tayari kituoni, awe anapiga, au awe ndiye anayefuata kupiga. La tatu, urushe angalau awamu tatu nzima.

Umeuona mwanya? Sharti la tatu halijali mnaongoza kwa ngapi. Littleton aliingia awamu ya saba Rangers wakiongoza 14-3, akamaliza awamu tatu, na wenzake wakaongeza pointi 16 akiwa kazini. Masharti yametimia, sevu ikaandikwa.

Sevu hiyo moja ina uzito sawa na yoyote kati ya sevu 652 za Mariano Rivera wa New York Yankees, mzawa wa Panama anayeshikilia rekodi ya muda wote.

Madeni ya kurithi

Kuna takwimu nyingine inayoheshimiwa sana: wastani wa pointi ambazo mrushaji hufungwa kwa kila awamu tisa. Ukiwa chini, wewe ni moto. Lakini nao una siri zake.

Tuseme mrushaji wa kwanza amewaacha wapinzani watatu vituoni, kisha akatolewa. Wa akiba anaingia. Mpira wake wa kwanza unatandikwa, wote watatu wanafika nyumbani. Kisha anajikaza na kumaliza zamu bila kufungwa tena. Pointi hizo tatu ni za nani? Zote za aliyeondoka. Aliyeziruhusu anabaki na wastani safi wa 0.00, kama mtu aliyekabidhiwa nyumba chafu, akaivunja madirisha, na bado bili ikatumwa kwa mpangaji wa zamani.

Tangu mwaka 2020 mambo yamezidi kunoga. Mechi za kawaida za ligi zikiingia muda wa ziada, kila timu huanza zamu ikiwa na mkimbiaji kituo cha pili, wa bure kabisa. Akifika nyumbani, pointi haiingii katika wastani wa mrushaji. Matokeo yake ni haya: mrushaji anaweza kukutana na wapigaji watatu na kuwatoa wote watatu, lakini wawili wa kwanza, kwa mipira waliyotolewa nayo, wamsogeze yule wa bure kituo baada ya kituo hadi nyumbani. Timu yake isipojibu, ameshindwa. Hakuna aliyempiga, wastani wake ni 0.00, na kichapo kina jina lake.

Dakika chache, jina milele

Takwimu hizi pia zimebeba maisha ya watu. Juni 23, 1917, Babe Ruth, aliyekuwa mrushaji wa Boston Red Sox wakati huo, alimpa mpigaji wa kwanza kituo cha bure, akagombana na mwamuzi, akampiga ngumi na kufukuzwa uwanjani. Ernie Shore akaitwa. Mkimbiaji aliyekuwapo akanaswa akijaribu kuiba kituo, kisha Shore akawatoa wapigaji 26 waliofuata bila hata mmoja kufika kituoni. Kwa miaka mingi alihesabiwa miongoni mwa waliorusha mechi kamilifu. Mwaka 1991, ufafanuzi ukabadilishwa na jina lake likaondolewa katika orodha hiyo.

Larry Yount wa Houston Astros yeye aliitwa awamu ya tisa, Septemba 15, 1971, mechi yake ya kwanza ya ligi kuu. Akiwa anapasha misuli pale uwanjani, kiwiko kikamuuma. Akatoka kabla ya kumrushia mpigaji yeyote. Kwa kuwa jina lilikuwa limeshatangazwa, kitabu kinasema alicheza mechi moja. Hakucheza nyingine tena katika ligi hiyo. Ndugu yake mdogo, Robin, alikuja kuwa nyota aliyeingia katika Ukumbi wa Magwiji.

Siku kipimo kilipogeuka bosi

Sasa tufike kwenye maumivu. Holtzman alitaka kupima kazi ya warushaji wa akiba. Polepole, kipimo chake kikaanza kuwapangia kazi. Idadi ya sevu ikawa hoja mezani wakati wa kujadili mishahara. Makocha nao wakazoea kumweka mrushaji wao hatari zaidi kwa ajili ya awamu ya tisa, na timu ikiwa inaongoza.

Oktoba 4, 2016, Orioles walikuwa ugenini Toronto kupambana na Blue Jays katika mechi moja ya mtoano. Ukishindwa, unaenda nyumbani. Orioles walikuwa na Zack Britton, aliyekuwa amepata nafasi 47 za kusevu msimu huo na kufanikiwa katika zote 47, kwa wastani wa 0.54. Pengine hakukuwa na mrushaji wa akiba mkali kumliko.

Mechi ikawa sare 2-2, ikaingia muda wa ziada. Kocha Buck Showalter akaita warushaji wengine, mmoja baada ya mwingine. Britton akabaki anasubiri. Hesabu ya kocha ilikuwa ya kawaida kwa timu ya ugenini: wenyeji hupiga mwisho, kwa hivyo mweke mkali wako umtumie mkishachukua uongozi. Uongozi huo haukuja. Awamu ya 11, Ubaldo Jiménez akamrushia Edwin Encarnación huku wawili wakiwa vituoni. Mpira ukaruka hadi mashabikini. 5-2, msimu ukaisha. Britton hakurusha hata mpira mmoja.

Msimu huo huo wa mtoano, Cleveland walifanya kinyume. Walimwita Andrew Miller moto ulipowaka, hata iwe awamu ya tano, na akatawazwa mchezaji bora wa fainali ya ligi ya American. Miaka miwili baadaye, Tampa Bay Rays wakazidisha ukaidi: wakamwanzisha Sergio Romo, ambaye alikuwa amecheza mechi zaidi ya 500 zote kama mrushaji wa akiba. Alirusha awamu moja dhidi ya wapigaji wakali wa Los Angeles Angels, akawatoa wote watatu, akaketi. Ushindi asingeweza kuandikiwa, maana hakufikisha awamu tano. Kesho yake wakamwanzisha tena.

Kwa hivyo ukikutana na mechi ya besiboli mtandaoni, usikimbilie safu ya sevu. Tazama mrushaji aliingia lini, aliwakuta wangapi vituoni, na ni nani aliyekuwa ameshika gongo. Kisha tazama nani bado ameketi nje akisubiri, na ujiulize anawekewa nini.