Tone la Chooni na Kiu ya Ukambani

Maji yavujayo ndani ya choo cha kuvuta hayana kishindo. Huteleza usiku kucha kutoka tangini hadi bakulini, kisha yakaenda zake shimoni, na wenye nyumba wamelala. Tukikadiria glasi moja ya robo lita kwa kila dakika, tutapata lita 360 kwa siku, yaani madumu 18 ya lita 20. Punda mmoja wa Kitui, akibebeshwa madumu manne, angehitaji safari tano kuyaleta nyumbani.

Hatukumtaja punda huyo kwa mzaha. Katika kaunti za Kitui na Makueni mito mingi ni ya msimu. Mvua ikishapita, hubaki mchanga mtupu, na watu hufukua mashimo humo wakitafuta maji. Wenyeji hujenga kuta za zege kukingama mito hiyo. Mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani yake yasikaushwe na jua. Ni watu wanaojua thamani ya kata moja.

Wala sisi wa pwani tusidhani jambo hili ni la mbali. Mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu, upande wa Makueni, huzama katika miamba ya volkeno, ikatokeza kwenye chemchemi za Mzima, na kutoka huko hupitishwa kwa bomba hadi Mombasa. Maji tunayoyapoteza ni ndugu wa yale wanayoyafukua wenzetu.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita moja. Nyumba imwagayo mamia ya lita bila ya haja ina la kujibu. Na liko suala la tohara: maji yatokayo tangini ni safi, lakini yavujayo chini ya bakuli wakati wa kuvuta ni najisi, na mtoto akiyakanyaga huyafikisha hadi kwenye mswala.

Matengenezo yenyewe ni mepesi. Tieni rangi ya chakula ndani ya tangi, msivute choo kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini ya tangi hauzibi. Fungeni koki, vuteni maji yaishe, uchomoeni mpira, mfute ukingo unaoukalia, kwani ukoga wa chumvi huuzuia kukaa sawa. Ukiwa umekakamaa au umepasuka, upelekeni dukani mkanunue unaolingana nao. Tazameni pia mnyororo: ukiwa mfupi mno huuninginiza mpira, ukiwa mrefu mno hunaswa chini yake.

Ikiwa maji yanamiminika katika bomba la kupunguzia, lishusheni boya hadi maji yasimame kama sentimita 2 chini ya mdomo wa bomba hilo. Ama uvujaji wa chini ya bakuli, mwiteni fundi. Hilo si la kuahirisha.

Aliyepanga na amwarifu mwenye nyumba mapema, na mwenye nyumba asimzungushe. Na wasimamizi wa misikiti wavikague vyoo na mabirika ya udhu kabla ya Ijumaa, kwani maji ya wakfu ni amana ya waumini wote.