Je, Wajua? Yungiyungi dogo kuliko yote duniani ni la Rusizi

Huko Bugarama, wilayani Rusizi (Cyangugu ya zamani), kuna chemchemi ya maji moto ya Mashyuza. Hapo ndipo Mjerumani Eberhard Fischer alipolikuta, mwaka 1987, yungiyungi ambalo jani lake laweza kuwa na upana wa sentimita 1 tu: Nymphaea thermarum. Halikuota ndani ya maji bali kwenye tope vuguvugu. Maji yalipoelekezwa kwingine tope likakauka, na kufikia 2008 ua hili la ajabu lilikuwa limetoweka hapo.

Mbegu zilikuwapo Ulaya, lakini miche iliyozamishwa majini ilikufa. Mwaka 2009 Carlos Magdalena, wa bustani ya Kew jijini London, alipanda mingine kwenye vyungu, uso wa udongo ukilingana na uso wa maji ya nyuzi 25, ikapata hewa ya kutosha. Ikachanua!

Basi hata kangaga lako la bafuni, pamoja na kupenda unyevu, usilizamishe: nalo lahitaji hewa. Chungu kiwe na matundu, maji ya kisahani yamwagwe, na dirisha liwe karibu. Bafu lisilo na mwanga halifai.

Na yungiyungi lenyewe? Mwaka 2023, watafiti walilipata tena huko Bugarama.