Mifuko Mingapi Iende Karashani?

Mintarafu ya hisabu za uzalishaji, ni wachache wanaopambana na shaka kubwa kama mchimbaji mdogo wa Nyarugusu katika Geita au Mwakitolyo katika Shinyanga, ambaye hupanga kazi yake kwa mifuko ya mawe ilhali hulipwa kwa gramu za dhahabu.

Tuchukulie kwamba anadaiwa gramu 40 na mfadhili aliyemtangulizia fedha za chakula na dizeli, na kwamba mfuko mmoja yamkini utoe nusu gramu, yamkini gramu moja na nusu, kwa bahati iliyo sawa. Wastani ni gramu moja. Basi mwenye haraka atamwambia apeleke mifuko 40 kwenye karasha, yaani kinu cha kusaga mawe. Walakini deni halilipwi kwa wastani. Iwapo mawe yote yametoka katika mwamba mmoja wa duara moja, yaani shimo moja la kuchimbia, mifuko hufaulu pamoja au hukosa pamoja: atapata gramu 20 ama 60, na ili awe na yakini ya deni lake hana budi kusaga mifuko 80. Lau kila mfuko umetoka duara lake, bila ya kufuata bahati ya mwenziwe, jumla ya mifuko ile 40 aghalabu itakuwa baina ya gramu 34 na 46.

Watafiti Yano na Lee, waliozikusanya mwaka 1995 tafiti za kupanga uzalishaji usio na hakika ya mavuno, walizipambanua namna hizi za shaka, na naona wapangaji wengi hawaulizi mapema shaka yao ni ya namna gani. Ajabu yake ni kwamba hali iliyo mbaya ndiyo yenye dawa rahisi: mawe yakiwa ya mwamba mmoja, kusaga mfuko mmoja kwanza hufichua habari ya yote, ilhali mfuko wa duara moja hausemi lolote juu ya duara jingine.

Lipo jambo la pili, la marudio. Zebaki inayotumika kunasa dhahabu katika mawe yaliyosagwa aghalabu hainasi hata nusu ya iliyomo, na mchanga unaosalia, ndio marudio yenyewe, mara nyingi hubaki kwa mwenye karasha. Hivyo kila mfuko wa ziada una gharama isiyoandikwa daftarini. Mwenye karasha naye huyakusanya marudio ya maduara mengi, akayatia katika matangi ya sianidi. Na kwa kuwa bahati za maduara hayo hazifungamani, yeye ndiye awezaye kupanga kwa wastani.