Diski Mpya, Mashine Ile Ile: Jinsi ya Kurudisha Mfumo na Draiva

Diski kuu ya kompyuta inapoanza kugonga-gonga, au tasnifu inapochukua dakika kadhaa kufunguka, dawa mara nyingi ni kuibadilisha. Kazi ya bisibisi haichukui muda mrefu. Taabu huanza baadaye, kwa sababu diski mpya ni tupu: haina mfumo wa uendeshaji, haina draiva, haina hata herufi moja ya kazi yako. Makala haya yanaeleza namna ya kurudisha vyote hivyo kwenye kompyuta ya Windows. Hoja yake ni moja: kama diski ya zamani bado inapumua, sehemu kubwa ya kazi hufanywa kabla ya kuitoa.

Kwanza tuelewane kuhusu draiva, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Kifaransa, pilote. Katika kitivo cha lugha mfano ulio karibu ni mkalimani. Mfumo wa uendeshaji hutoa amri za jumla: toa sauti hii, chapa ukurasa huu, tafuta Wi-Fi. Kadi ya sauti, printa na kadi ya Wi-Fi, kila kifaa kina lugha yake kilichopewa na kiwanda. Draiva ni programu inayotafsiri kati ya pande hizo mbili. Vifaa vyako havikubadilika ulipobadilisha diski, lakini wakalimani wao walikuwa wanakaa ndani ya ile diski ya zamani.

Windows huja na wakalimani wake wa jumla, na kwa hiyo skrini itawaka na kibodi itaandika. Mtego uko kwenye mtandao. Windows ina uwezo wa kutafuta draiva nyingine kwenye intaneti, lakini kama draiva inayokosekana ni ya Wi-Fi yenyewe, haina njia ya kufika huko. Windows 11 huongeza ugumu, kwani kwa kawaida hudai intaneti wakati wa matayarisho ya kwanza.

Basi, kabla ya kuzima mashine, fanya mambo manne.

Kwanza, nakili tasnifu, rekodi za utafiti na fonti zako kwenye diski ya nje. Usizidharau fonti. Ikiwa una matini ya kifonetiki iliyoandikwa kwa fonti za kabla ya Unicode, bila fonti ile ile alama zote zitageuka herufi zisizosomeka.

Pili, toa nakala ya draiva zenyewe. Chomeka fulashi, fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, unda folda iitwayo draiva kwenye fulashi, kisha andika pnputil /export-driver * E:\draiva, ambapo E ni herufi ya fulashi yako. Draiva zilizoongezwa na watengenezaji wa vifaa zitanakiliwa bila kutumia hata mega moja.

Tatu, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa ndivyo, andika mahali salama ufunguo wa kurejesha, wenye tarakimu 48. Bila huo, diski ya zamani haitasomeka kwenye mashine nyingine.

Nne, tayarisha fulashi nyingine ya GB 8 au zaidi yenye Windows, kwa programu inayotolewa bure na Microsoft. Programu hiyo hufuta kila kilichomo ndani ya fulashi.

Baada ya kufunga diski mpya, washa kompyuta kupitia fulashi ya Windows. Chagua kibodi kwa uangalifu: kwetu AZERTY ni ya kawaida, lakini mashine nyingi zilizotumika huja na QWERTY, na nywila iliyoandikwa kwa mpangilio usio sahihi itakataliwa. Ukiombwa ufunguo wa bidhaa, sema huna, kisha chagua toleo lile lile la awali. Leseni ya kidijitali hufungamana hasa na ubao mkuu, kwa hiyo kubadilisha diski peke yake kwa kawaida hakuifuti. Kama orodha ya diski ni tupu, usikimbilie kulaumu diski. Kwenye mashine nyingi za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, kisakinishi huhitaji kwanza draiva ya hifadhi kutoka kwa mtengenezaji.

Mfumo ukishakaa, chomeka fulashi ya draiva na uandike pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install, kisha washa upya. Kama diski ya zamani ilikufa kabla ya kunakili, unganisha simu ya Android kwa kebo ya USB na uiruhusu kugawa intaneti. Mara nyingi Windows huitambua bila draiva ya ziada. Anza na draiva ya mtandao, halafu ya ubao mkuu, ya picha na ya sauti.

Kifaa kinachobaki na alama ya njano katika Gestionnaire de périphériques kinaweza kutambuliwa kwa namba yake. Fungua sifa zake, utafute herufi VEN: namba inayofuata humtaja mtengenezaji. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom. Namba baada ya DEV hutaja kifaa chenyewe. Ukijua hizo mbili, tafuta draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, si kwenye programu zinazoahidi kurekebisha kila kitu.

Kuhusu umeme: ukikatika wakati wa kusakinisha Windows, kwa kawaida utaanza upya tu. Ukikatika wakati wa kusasisha BIOS, ubao mkuu unaweza kufa. Kazi hiyo iache hadi betri ijae na umeme uwe wa kuaminika.

Mwishowe, rudisha fonti, fungua sura moja ya tasnifu na usome alama zake, kisha rekodi sentensi moja katika Praat na uisikilize. Mpaka majaribio hayo yapite, usifute diski ya zamani.