Siku ya Mapumziko Ziwani: Simu Mfukoni, Macho kwa Mtoto

Kila Jumapili na kila sikukuu, familia nyingi za Bujumbura hushuka ziwani. Huja na jamaa zao wa Gatumba, na wengine huvuka mpaka kutoka Kavimvira na Uvira, kwa maana katika bonde hili la Rusizi ukoo mmoja huwa na nyumba pande zote mbili. Wazee huagiza mukeke wa kuchoma na ndizi, watoto hucheza mchangani, na jioni kila mmoja hurejea kwake. Ni desturi njema, nasi tunaiunga mkono. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, unatambua katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza.

Hata hivyo, mgeni mmoja amejiunga na matembezi hayo bila kualikwa, naye ni simu. Mtoto hupewa simu ili atulie, mzazi naye huinamia ya kwake. Familia iko pamoja mezani, lakini kila mmoja yuko mahali pake. Jambo hili si la malezi peke yake. Ni la usalama pia, na ndiyo sababu tunaliandikia.

Kwa nini mtoto haachi simu

Zamani kipindi cha watoto katika televisheni kilikuwa na mwanzo na mwisho. Video za simu hazina mwisho: moja ikimalizika, nyingine huanza yenyewe, kwa sababu programu hizo zimeundwa ili mtazamaji asiondoke. Mtu mzima mwenye akili zake hushindwa kuziacha. Vipi mtoto wa miaka minne? Kwa hiyo si haki kumwita mkaidi. Mwenye wajibu wa kuweka kikomo ni mzazi.

Mwezi Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ulio wazi. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini. Mwenye miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa upande mwingine, mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kujongea kila siku: kutembea, kukimbia, kuruka. Siku moja ufukweni humpatia hizo zote bila gharama, ila tu kama simu haikumfunga kitini.

Maji hayapigi kelele

Wengi hudhani kwamba mtoto anayezama hupiga mayowe. Sivyo. Aghalabu huzama kimya, kwa muda mfupi sana, kwa kuwa hawezi kupumua na kuita kwa wakati mmoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Huko Ujerumani, mwaka 2018, chama cha waokoaji majini cha DLRG kiliwaonya wazazi waziwazi kuhusu kutazama simu huku watoto wao wakiwa majini.

Sisi tuna sababu ya kuzidisha tahadhari. Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina, na karibu na mdomo wa Rusizi wanaishi viboko na mamba. Kiboko hutoka majini jua linapotua ili kula majani, naye hamwonei haya mtu aliyesimama njiani. Tunaomba familia ziondoke ufukweni kabla ya giza, na kila wakati mtu mzima mmoja awe zamu ya kuwatazama watoto, simu yake ikiwa mfukoni. Akichoka, ampokeze mwingine kwa kumtaja jina, kwani palipo na walinzi wote bila zamu, hakuna mlinzi.

Mtoto aliyepotea karibu na mpaka

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka sita amepotea katika umati. Anajua kufungua simu ya baba, anajua mahali katuni zilipo, lakini namba ya baba haijui, kwa sababu namba imo ndani ya simu. Akiulizwa nyumbani ni wapi, anajibu: "Kwa bibi." Huyo bibi yuko Bujumbura au yuko ng'ambo ya mpaka? Lugha yake haisaidii, kwa kuwa Kiswahili kinasemwa pande zote mbili. Askari hawezi kumpakia tu pikipiki na kumvusha. Lazima ahusishe mamlaka za upande wa pili, na saa zinapita mtoto akilia.

Dawa yake ni ndogo. Mfundisheni mtoto kukariri jina lake kamili, majina ya wazazi, mtaa na namba moja ya simu. Mwimbieni kama wimbo njiani. Asubuhi mpigeni picha akiwa amevaa nguo za siku hiyo: hapo simu ni msaada mkubwa. Anayevuka na mtoto asiye wake achukue vitambulisho na idhini ya wazazi. Picha za watoto zisisambazwe mtandaoni familia ingali ufukweni, wala zisioneshe jina la shule. Si kila mtazamaji ana nia njema.

Siku yenye kukumbukwa

Mtoto huacha simu kwa urahisi akipata kilicho bora kuliko simu. Makumbusho Hai ya Bujumbura, yaliyoanzishwa mwaka 1977, yana mamba na nyoka wa kutazamwa kwa usalama. Hifadhi ya Rusizi ina viboko na ndege wengi. Kusini mwa jiji, huko Mugere, liko jiwe lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Mwacheni mtoto alisome mwenyewe, kisha mumweleze habari zake.

Kabla ya kutoka nyumbani, patanisheni sharti moja: simu zitatumika kwa kupiga, kwa picha chache, na kwa dharura. Sharti hilo liwabane wakubwa kwanza, kwa kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na mkimpoteza mtoto hata kwa dakika chache, msione haya kumwendea askari aliye karibu mara moja. Hatutawauliza kwanza mlikuwa mkifanya nini. Tutauliza mtoto amevaa nini, na tutaanza kumtafuta pamoja nanyi.